Namba ya Mkwe kwenye Seva

Claudia hakuwa mtu wa njia za mkato. Seva ya Linux pale ofisi ya chama cha korosho, Masasi, ilipokataa programu mpya ya kusimamia mtandao, fundi mwingine angezima ulinzi wote akaenda kunywa chai. Yeye alifungua mlango mmoja tu kwenye ukuta wa ulinzi, akaiandikia programu kibali chake, akaiwasha upya. Mchana vituo vyote vya maghala vikajitokeza kwenye skrini kwa rangi ya kijani: Newala, Tandahimba, Mnyambe.

Alifurahi kwelikweli, maana alikuwa anafanya kazi roho mkononi. Bado alikuwa kwenye majaribio, na meneja, Bi Ziada, alishamwambia wazi: kituo kikikatika tena na ofisi ikajua kwa kelele za wakulima, ataajiriwa mwingine.

Likabaki jambo dogo: nani apelekewe ujumbe kituo kikikatika. Wa kwanza fundi mwenyewe; asipojibu, mkuu wa maghala, Mzee Benjamin. Hapo akaacha kuandika. Mzee Benjamin ndiye baba wa Gabriel, mume wake. Na ujumbe wa programu ulikuwa hivi: "HATARI! MNYAMBE HAIPATIKANI. CHUKUA HATUA SASA." Mkamwana ampe mkwewe amri kama hiyo, tena labda mzee yuko anakula? Kwao Newala binti hafundwi hivyo. Akafuta namba ya mzee, akaweka yake mara mbili. Heshima si utumwa, alijiambia, akaenda zake.

Wiki hiyohiyo alipanda Newala kurekebisha antena. Akiwa kwenye kona za mlima, ambako simu haishiki, Mnyambe ikakatika. Ujumbe ulimtafuta mara mbili, na mara zote mbili haukumpata. Mizani ya ghala ikashindwa kutuma vipimo ofisini, wakulima wakashinda juani na magunia yao.

Kesho yake Bi Ziada aliwaita Claudia na Mzee Benjamin, akamgeukia mzee kwanza.

"Ghala lako limelala, Mzee Benjamin. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapahapa, mama. Sikupata habari." Mzee aliinamisha kichwa kama mtoto aliyekosa.

Claudia aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Angenyamaza, lawama ingebaki kwa mzee na kazi yake ingepona.

"Ni mimi," alisema. "Namba yake niliiondoa. Niliona vibaya kumwamrisha baba."

"Mashine haina mkwe!" Bi Ziada alifoka. "Irudishe leo. Ikitokea tena, ufungashe virago."

Claudia akairudisha. Ila maneno ya ujumbe aliyaandika upya mwenyewe.

Siku chache baadaye alikuwa juu ya mnara Tandahimba, simu ameiacha chini kwenye mkoba. Aliposhuka alikuta ujumbe wa seva, maneno yaleyale aliyompangia mzee: "Shikamoo baba. Samahani kwa kukukatiza. Mnyambe haipatikani, tunaomba msaada wako." Ulikuwa umeingia zamani, na yeye hakuujibu.

Chini yake palikuwa na ujumbe mwingine. Mzee Benjamin alikuwa ameijibu seva yenyewe, nayo ikampelekea fundi jibu lake:

"Marahaba, mwanangu. Ni umeme tu. Nimempigia Anjelina wa ghalani, amewasha jenereta, mizani inapima. Wakulima hawakujua hata kama palikatika. Bi Ziada yuko hapa kando yangu, anasema kazi ni yako."

Claudia akakaa chini palepale kwenye majani, akalia.