Mchezo Unaozunguka

Usiku wa jana niliota kitufe kinanibishia hodi. Kilikuwa kitufe cha kijani, kipana kuliko mlango wetu, kimeandikwa PATA BONASI, na kilibisha kwa adabu: hodi, Baba Nasra, hodi.

Nieleze kwanza nililala na nini kichwani. Mke wangu, Mama Nasra, anaoka skonzi hapa Korogwe kwa jiko la mkaa linalounguza upande mmoja na kuacha upande wa pili mbichi. Yumo kwenye mchezo wa akina mama wanane. Kila wiki kila mmoja anatoa elfu hamsini, na zamu yako ikifika unapewa zote. Zamu yake ilifika juzi. Bi Mwantumu, ambaye ndiye kijumbe, mkusanyaji na mgawaji wao, alizituma zile laki nne kwenye simu yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyetakiwa kwenda Tanga kulipia oveni ya gesi.

Jana jioni tangazo la poka, karata za fedha za mtandaoni, likaniambia: weka laki nne, tunakuongezea laki nne, kisha ingia shindano la milioni kumi, yote kwa kidole kimoja tu! Nikapiga hesabu ya haraka haraka. Oveni mbili. Nikajiambia nitabonyeza asubuhi kabla sijapanda basi, nikalala nimefurahi, bwege mimi.

"Karibu," nakiambia kitufe. Kinafunguka.

Ndani ni ukumbi usio na dari. Katikati, juu ya meza ya duara, umekaa mkate. Ni mkubwa kuliko stesheni yetu ya reli, umeiva pande zote sawasawa, umenyunyiziwa ufuta juu, mvuke wake unapanda hadi unageuka wingu. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Nilivua viatu bila kuambiwa.

"Hiyo ndiyo bonasi yako," inasema sauti, mbio mbio.

Nageuka. Mume na mke, wembamba sana, wamevaa nguo zenye maandishi madogo ambayo hata ukisogea huwezi kuyasoma.

"Mimi Vigezo," anasema mume. "Huyu mke wangu, Masharti. Utatusamehe tunaongea haraka. Kwenye redio tunatajwa mwishoni, tena kwa pumzi moja, na hakuna anayetukaribisha hata kukaa."

Nikawaonea huruma kweli. Nikawavutia viti. Masharti alikaa, akatoa machozi kidogo, akayafuta.

"Baba, kwa hisani hiyo tutakuambia kila kitu," akasema. "Hii fedha uliyokuja nayo ni ya nini?"

"Ya mchezo," nikajibu. Na ndivyo ilivyo, wote Korogwe wanajua.

Wakatazamana. "Fedha ya mchezo lazima izunguke," akasema Vigezo. "Mara ishirini. Ukimaliza, mkate wako."

"Tu?"

"Tu. Lakini kwa kidole kimoja. Tangazo lilisema."

Naweka kidole gumba kwenye mkate, nasukuma. Unakwenda! Mkate mkubwa kuliko stesheni unateleza ukingoni mwa meza kwa kidole changu, na mimi nashangaa nguvu nilizonazo.

Mzunguko wa kwanza unapita sebuleni kwetu. Binti yangu Nasra yuko mkekani anasoma.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Usiniguse, nazungusha."

Napita. Pale mzunguko unapoanzia nakuta kisu kimesimama wima kama askari wa getini. Kinasema, "Samahani," kinakata kipande chembamba, kinakiweka kwenye kapu.

"Hicho cha nani?" nauliza.

"Cha nyumba, yaani wenye meza. Katika kila mia nachukua tano. Pita, pita, usizuie wenzako."

Tano kwenye mia ni nini? Napita. Mzunguko unaofuata unavuka daraja la Mto Pangani, na mamba wanatoa vichwa kuutazama mkate. Samahani. Mwingine unapita ndani ya darasa nililosomea, mwalimu amesimama na chaki, ananitazama kwa masikitiko. Samahani. Kidole kinaanza kuwaka moto.

Halafu meza inanyooka. Sielewi imenyookaje, lakini haina tena mwisho, na pande zote mbili wamekaa watu. Wengine wamevaa magwanda ya kazi, wengine kanzu, wengine bado wana taulo la kuogea. Kila mmoja ana karata mbili mkononi na mkate wake mbele. Ukimya wao ulinitisha na kunipendeza kwa pamoja.

"Ndilo shindano hilo," inasema karata moja mkononi mwangu. Ni ree ya shupaza, ina sauti nzito ya muadhini mstaafu. "Wako elfu mbili."

"Na milioni kumi iko wapi?"

"Ile pale."

Natazama. Ni sufuria ya pilau, kina chake hakionekani. Kila mmoja kati ya wale elfu mbili ameinua kijiko.

"Anayekula ni nani?"

"Wachache. Lakini usipojua utakuwa nani, gawa sawasawa. Kijiko chako kina thamani gani?"

Nagawa. Elfu tano.

"Na mlangoni ulilipa ngapi?"

Nikapapasa mfuko. "Elfu sita."

Ree ikajilaza kifudifudi mezani, kama mtu aliyekwisha kusema lake.

"Ile elfu moja?" nikauliza.

"Ndiyo mishahara yetu," akasema Masharti nyuma yangu, kwa aibu. "Tuna watoto."

Namaliza mzunguko wa ishirini. Vigezo anapiga makofi. Nageuka niuchukue mkate wangu, na juu ya meza hakuna kitu isipokuwa ufuta.

"Laki nne mara ishirini?" anauliza Vigezo. Safari hii anaongea polepole, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Milioni nane."

"Na tano katika kila mia ya hiyo?"

"Laki nne."

"Na bonasi ilikuwa?"

Hesabu ilisimama mbele yangu, imekamilika, haina shilingi iliyozidi wala iliyopungua, na ningesema uongo nikisema sikuiona ni nzuri. Mtu alikaa mahali akaipima mpaka ikatoshea.

"Basi angalau laki nne zangu ziko salama," nikasema.

"Ziko salama iwapo kwenye meza ile hakuna aliyekuzidi ujanja," akasema Masharti kwa upole. "Tazama nyuma."

Oveni ya Mama Nasra ilikuwa imenifuata muda wote bila mimi kujua. Haikuwa na mlango. Haikuwa na trei. Ilikuwa inachechemea. Hapo nililia, tena kwa sauti, mtu mzima na ndevu zangu.

Nalia, na meza inakuwa mkeka. Wamekaa akina mama wanane, mke wangu miongoni mwao, na Bi Mwantumu kijumbe yuko katikati. Wanapeana skonzi moja, mkono kwa mkono. Naifuata kwa macho. Inazunguka, inazunguka, inarudi kwa aliyeanza ikiwa nzima, bado inatoa mvuke. Ni ndogo, inaenea kiganjani. Mbele yake, ule mkate mkubwa kuliko stesheni ulikuwa ujinga mtupu. Nikapiga magoti.

"Kisu kiko wapi?" nikauliza.

"Kisu cha nini?" akasema Bi Mwantumu. "Hapa tunapeana. Wewe unacheza mchezo gani, Baba Nasra?"

"Mchezo."

"Nimekuuliza gani."

Nikaamka.

Kumekucha, jiko la mkaa linafuka uani. Nikachukua simu. Nikiri kwamba ndoto ni ndoto, na mkono ulikwenda wenyewe kulitafuta lile tangazo. Simu yangu hufunguka kwa alama ya kidole gumba. Nikaweka kidole. Alama haijatambuliwa. Nikafuta jasho, nikaweka tena. Haijatambuliwa.

Nikakipeleka dirishani. Kidole gumba changu kilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Hakikuwa na mstari hata mmoja, na chini ya ukucha ilikuwa imenasa mbegu ya ufuta. Mama Nasra hajawahi kuweka ufuta kwenye skonzi zake.

Akaingia na chai. "Umechelewa basi. Simu imefanyaje?"

"Inanikataa. Ijaribu wewe."

Kidole chake nacho tulikisajili siku ile ile tuliponunua simu. Akakiweka, kina unga, ikafunguka mara moja. Laki nne zilikuwepo zote. Juu yake, kitufe cha kijani kilikuwa kinawaka na kuzimika.

"Hiki nini?" akauliza.

"Mchezo."

Akaniangalia. "Mchezo gani?"

Nikashindwa kumtazama. "Si wenu," nikasema. "Futa."

Akafuta, kwa kidole kimoja tu.