Ugonjwa wa Tatu wa Gari la Shemeji

Gari lilikwisha kutoka getini. Magodoro yamefungwa juu kwa kamba, sufuria zinagombana ndani ya buti, watoto wawili wamebanwa katikati ya mabegi, mikono tu ndiyo inayopunga. Mama yao amekaa mbele, macho mekundu. Bibi yao amebaki ukutani na ncha ya mtandio mdomoni. Mwanawe wa kiume, fundi ambaye mtaa mzima ulimwita Sikio, alikuwa akirudisha geti.

Hapo ndipo alipoisikia. Shemeji aliachia mafuta ili akate kona, na gari likasema: ngo, ngo, ngo. Sauti nzito, ya chini, kama mtu aliyefungiwa stoo ambaye amechoka kubisha.

"Simama! Shemeji, simama!" Alikimbia, ndala moja ikabaki nyuma.

Gari likasimama. Shemeji akashusha kioo, injini hakuizima.

"Leo ni nini tena? Redieta tumemaliza. Breki tumemaliza. Imebaki honi?"

"Mjomba hataki twende!" wakaimba watoto.

Mtu asimlaumu shemeji upesi. Alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha saruji, mbali, ng'ambo ya milima, na mara mbili alikuwa ameahirisha safari. Mkubwa wake alishamwambia kwa simu: ukikosa na Jumatatu hii, usijisumbue tena. Na mara zote mbili gari ndilo lililougua, na aliyelipima ni huyuhuyu kaka wa mkewe.

Ukweli ni kwamba gari halikuwa na kitu. Asubuhi ya safari ya kwanza mama yake alimvuta Sikio nyuma ya jiko. Wale wajukuu aliwalea yeye tangu wanatambaa. "Mwanangu," alisema, "lipe gari ugonjwa kidogo. Si wa kufa. Wa kulazwa tu." Nani anamkatalia mama? Sikio akatangaza kwamba redieta imetoboka. Mara ya pili akasema breki, na ili ugonjwa ufanane na ugonjwa, akatandika gunia, akapanga vipuri juu yake, akamwaga na mafuta ya injini kwenye beseni.

Uongo huo ndio ulioleta balaa. Sikio alipotoka kidogo kwenda dukani, shemeji alikuja uani na hasira zake, akaingia garini, akaliwasha, akalingurumisha kuonyesha kwamba ni zima. Ndani ya injini hakukuwa na tone la mafuta. Sikio alirudi mbio, akauzima ufunguo, akajifariji: ni kitambo kidogo tu, chuma hakina roho.

Sasa alikuwa akikisikiliza chuma hicho.

"Fungua boneti," alisema. "Nipe nafasi moja. Nikikosa, nenda, sitakufuata."

"Baba watoto, mpe," dada yake akasema. "Ni ndugu yangu."

Shemeji akavuta kishikizo bila kumtazama.

Sikio alitamani liwe jambo dogo. Zingekuwa tapeti, zile zinazosukuma vali, zingelia juu, ti-ti-ti kama cherehani, na hizo hazimuui mtu. Hazikuwa tapeti. Asije akaisingizia pampu ya maji, akazima injini, akauvua mkanda wa feni, akaiwasha tena: ngo ikaendelea. Akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye ubavu wa injini, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Kisha akashika kitambaa, akaanza kuchomoa waya za plagi mojamoja. Akachomoa ya kwanza: injini ikachechemea, ngo ikabaki. Ya pili, vilevile. Alipochomoa ya tatu, ngo ikanywea kama mtoto aliyekemewa. Akairudisha, nayo ikarudi.

Akainua kichwa.

"Shemeji, ni beringi. Ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, kikombe chake kimelika. Mlima ule hutaumaliza. Mkono utakatika, utoboe injini, injini igande, na nyuma una watoto kwenye mteremko."

Pengine angesadikiwa. Shemeji alikuwa ameinama, anasikiliza, uso umeanza kulegea. Lakini mama, kule ukutani, aliona mwanawe anacheza ngoma ileile, akaona aiongezee makofi.

"Mkwe wangu, msikilize fundi! Gari hilo si la kupanda!" Akalia kwa sauti. Na katikati ya kilio chake akamkonyeza Sikio, tena kwa jicho zima.

"Bibi anamkonyeza mjomba!" akapiga kelele yule mtoto wa kike.

Injini iliendelea kugonga. Shemeji alimtazama mkwewe, akamtazama shemejiye. "Kumbe," alisema.

"Zile mbili zilikuwa uongo," Sikio akasema. "Uongo wangu mimi. Hii ni kweli."

"Kaka, kwa nini?" dada yake aliuliza.

Sikio akamtazama mama. Sasa mama alikuwa ameuona uso wa mwanawe, akajua kwamba hakuna mchezo hapo. Midomo yake ilisogea. Kisha akaangalia chini, na neno halikutoka.

"Niliwapenda watoto," Sikio alijibu.

"Njia ya mwongo ni fupi, shemeji," mwenye gari akasema. "Wewe umefika. Sisi bado tuna safari." Akazunguka kwenda kukaa kwenye usukani.

Sikio hakufikiri. Akafungua kifuniko cha distribyuta, injini ikafa, akaichomoa rota, kile kipande kidogo ambacho bila hicho gari haliwaki, akaitupa juu ya bati la jirani. Ilisikika ikibingirika, halafu haikusikika.

Shemeji hakumpiga. Afadhali angempiga. Alishuka, akaanza kufungua kamba za magodoro, fundo baada ya fundo. Kabla ya adhuhuri walikodi pikapu, wakaondoka. Dada yake alimkumbatia mama. Kwa kaka yake hakufika.

Kesho yake Sikio aliifungua injini. Beringi ya tatu ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Aliifunga kwenye kitambaa, akapiga simu, haikupokelewa. Akaihifadhi ile beringi.

Dada yake alirudi mama alipofariki, na watu wa matanga walipopungua Sikio akamwonyesha ile beringi. Aliishika, akaigeuza kwenye mwanga.

"Kaka," alisema, "hata hii ungeweza kuipiga tupa mwenyewe."

Shemeji aliiwahi ile Jumatatu. Siku hizi ni msimamizi pale kiwandani, ana gari jingine na fundi mwingine. Binti ameolewa hukohuko. Mdogo wake wa kiume hamkumbuki mjomba kwa sura. Mama alizikwa bila kusema lililosemwa nyuma ya jiko, na Sikio hajalisema. Gari lilikaa uani mpaka matairi yakaoza, likakatwa, likauzwa chuma chakavu. Jirani alibadilisha bati, rota haikuonekana. Sikio bado anatengeneza magari, na watu wa mtaani wanasema hakuna anayejua mlio wa injini kama yeye.