Aliyeambiwa Kwanza

Mzee Ko alikaa ghorofa ya tatu kwa Bi Thoa miaka sita, na hakuna mtu kichochoroni ambaye angekuambia kwamba yule ni mpangaji tu. Jina lake halisi lilikuwa Colin, fundi umeme wa treni aliyestaafu huko Australia, lakini watu wa mtaa wetu wa An Thuong hawana muda wa kuzungusha ulimi. Walilikata jina, ikabaki Ko. Alipofika Da Nang alisema anakaa miezi mitatu, kwa kuwa chumba ni cha bei ya chini na bahari iko karibu. Miezi mitatu ikapita, akanunua feni. Mwaka ukapita, akanunua pikipiki kuukuu na mti wa ndimu kwenye chungu, na hapo Bi Thoa akajua kwamba huyu hana safari tena.

Bi Thoa alikuwa mjane wa seremala, mwanamke wa miaka hamsini na saba, mwembamba, mkali kwa wateja na laini kwa paka. Asubuhi aliuza tambi za manjano barazani mwake, zenye kamba, karanga za kukaanga na chapati kavu ya mchele ya kuvunjia juu. Mzee Ko alikula hapo kila siku, akaosha bakuli lake mwenyewe, jambo lililowachekesha majirani. Mwaka wake wa tatu alipopata homa ya dengi, Bi Thoa alimpelekea uji wa mchele hospitalini siku kumi na moja mfululizo, akamnywesha kwa kijiko. Wauguzi walimwita mke wa mzungu, naye hakuhangaika kuwasahihisha.

Bi Thoa hakuwa na mtoto. Alikuwa na Khue, binti wa dada yake Lanh, mwanamke wa miaka thelathini na saba aliyefanya kazi mapokezi kwenye hoteli ufukweni. Khue alipita karibu kila siku, akaparua masufuria, akamgombeza kwa kutokunywa dawa za presha. "Mama mdogo, unataka nikuzike mapema?" angesema, na Bi Thoa angemrushia kitambaa cha sahani.

Miaka miwili kabla ya mambo haya, Lanh alifariki kwao Tam Ky. Wiki tatu baada ya mazishi, tufani ikaupiga mji wa Da Nang. Serikali ilitangaza kila mtu abaki ndani, umeme ukakatika tangu asubuhi, na Mzee Ko akashuka chini kusaidia kuweka magunia ya mchanga mlangoni. Walikaa siku nzima jikoni, wakisikiliza mabati ya jirani yakiondoka moja moja. Ndipo Bi Thoa akaanza kusema. Alisema kama mtu anayejitapikia.

Alisema kwamba alipokuwa na miaka ishirini alipata mimba ya kijana aliyekwenda Laos kukata magogo na hakurudi. Lanh alikuwa ameolewa miaka saba bila mtoto. Dada wawili wakajifungia Tam Ky hadi siku ilipofika, na mmoja akatoka mle ndani na mtoto mikononi, mwingine akatoka mikono mitupu. Waliapa wao wawili wasiseme kamwe. Hata seremala alikufa bila kujua. Sasa Lanh amekwenda, na Bi Thoa amebaki peke yake na jambo lile, na lilikuwa linamkaba.

Kwa nini alimwambia yeye? Kwa sababu Mzee Ko hakuwa na ukoo pale, hakuwa na wa kumpelekea umbeya, na Kivietinamu chake kilikuwa cha kuombea maji. Alidhani ataelewa nusu. Mzee Ko alimshika mkono, machozi yakamtoka, akasema, "Mimi funga mdomo, Dada Thoa. Mpaka kufa." Alikuwa ameelewa yote.

Mwezi wa tisa wa mwaka huu, kwenye saa nne asubuhi, Khue aliingia barazani na sare yake ya hoteli, uso umejaa kicheko.

"Mama mdogo, wewe ni staa! Wageni wangu wameniuliza kama najua kichochoro hiki. Mzee Ko anatengeneza video, ulijua? Watu laki mbili wameitazama!"

"Video za nini tena?" Bi Thoa alikuwa anamimina supu ya mwisho.

"Za maisha ya hapa. Chumba bei gani, kahawa bei gani, wapi pa kushona suruali. Njoo uone, nimeangalia mwanzo tu. Nilitaka tuangalie pamoja."

Bi Nho wa kahawa, jirani wa mlango kwa mlango, hakungoja kuitwa. Alivuta kigoda chake cha plastiki akajibana katikati. "Nionekane na mimi! Siku ile alinipiga picha nikiwa sijachana nywele, mshenzi yule."

Walicheka. Mzee Ko alionekana akitembea kichochoroni, akionyesha fundi viatu, akionyesha maziwa mazito ya kopo yakimwagwa kwenye kahawa ya Bi Nho. Khue alifasiri Kiingereza chake. Kisha ikaja baraza yenyewe, sufuria, na mikono ya Bi Thoa ikichambua mboga.

"Anasema, watu huniuliza, je, ugenini utapata marafiki wa kweli?" Khue alifasiri kwa sauti ya mbwembwe, kama mtangazaji. "Anasema, ngoja niwaambie kuhusu mama mwenye nyumba wangu. Anasema siku ya tufani…"

Bi Thoa aliweka upawa chini. "Zima."

"Ngoja, ndiyo kwanza inanoga. Anasema siku ya tufani aliniambia siri ambayo hajamwambia mtu maisha yake yote. Kwamba alikuwa na… alikuwa na mtoto wa kike."

"Khue, mwanangu, zima hiyo simu."

Khue hakuzima. Sauti ya utangazaji ilikuwa imekwisha, na sasa alifasiri polepole, neno baada ya neno, kama mtoto anayejifunza kusoma. "Akampa dada yake… amlee. Mtoto huyo… anakuja hapa kila siku. Anamwita…" Mzee Ko aliendelea kuongea peke yake kwenye simu, sauti ikimtetemeka vizuri, na nyuma yake jua likizama juu ya daraja la mto Han.

Bi Nho aliinuka akaenda kusimama kwenye duka lake, mgongo umewageukia. Hiyo ilikuwa heshima kubwa kuliko zote alizowahi kuonyesha.

"Ni mimi?" Khue aliuliza.

Bi Thoa alinyoosha mkono akaizima simu mwenyewe.

"Mama alijua? Alikufa anajua, na mimi nimemshika kichwa?"

"Khue…"

"Laki mbili wamejua kabla yangu." Alichukua kofia yake ya pikipiki. Akaivaa bila kufunga kamba, akaondoka nayo ikining'inia.

Mzee Ko alirudi kutoka kuogelea kwenye saa sita, taulo begani, akiimba. Alimkuta Bi Thoa ameketi kwenye ngazi, amemzibia njia.

"Video," alisema Bi Thoa.

Uso wa mzee ulifunguka kwa furaha, na hiyo ndiyo iliyomchoma kuliko yote. "Ah! Wewe ona? Nzuri, eh? Watu wengi lia. Watu wengi sema, mama huyu jasiri sana."

"Khue ameiona."

Furaha ile ilichukua muda kuondoka. Ilianza kutoka machoni, mdomo ukabaki umetabasamu peke yake. "Mimi hapana sema jina," alisema. "Jina lako, jina lake, mimi hapana sema."

"Umeonyesha mikono yangu, Mzee Ko. Umeonyesha nyumba. Nani asiyejua sufuria hili?"

"Mimi fikiri… Wavietinamu hapana tazama. Kiingereza tu."

"Kwa hiyo ukidhani sisi hatutajua, basi si kosa?"

Alifuta uso kwa taulo. "Mimi penda wewe kama dada. Hii hadithi nzuri, Dada Thoa. Mimi taka watu jua wewe mtu gani."

"Nilikupa wewe. Sikuwapa watu." Bi Thoa alizungumza taratibu ili asikose hata neno moja. "Ningetaka dunia ijue, ningeanza na mwanangu. Nilikuosha ukiwa huna nguvu ya kushika kijiko. Ukaniambia mpaka kufa. Umekufa?"

Mzee Ko alilia. Alikuwa mtu wa kulia kwa urahisi, na zamani Bi Thoa alilipenda hilo. Siku hiyo aliyatazama machozi yale akakumbuka kwamba yalimtoka vilevile siku ya tufani, na asijue tena yalikuwa ya nani.

Mzee Ko aliifuta video jioni hiyohiyo, lakini wengine walikuwa wameshainakili na kuiweka kwao. Mwisho wa mwezi alihama, na mti wake wa ndimu, kwenda jengo jipya la vioo mitaa miwili mbele. Hakuna aliyemsaidia kubeba. Bi Nho, ambaye kwa kawaida angekuwa na hotuba, alisema tu, "Shoga, mimi kahawa simuuzii." Na wageni hawakuacha kuja. Mara mbili walitokea vijana wa kizungu wakachungulia barazani na simu zao, wakimtafuta mama wa kwenye video, naye akawaambia hana habari naye, akaendelea kukata vitunguu.

Khue hakuonekana wiki tano. Hakupokea simu. Siku ya kumkumbuka Lanh ilipowadia, Bi Thoa alipanda basi la alfajiri kwenda Tam Ky, nyumbani kwa marehemu, akiwa na kuku aliyechemshwa na matunda, bila kujua kama atafunguliwa mlango.

Alifunguliwa. Khue alipokea kapu bila kumtazama, akapanga chakula kwenye meza ya sadaka ya marehemu, akawasha vijiti vya udi, akampa vitatu. Ndugu walikula, wakapiga soga, wakaondoka. Walibaki wawili wakiosha vyombo uani.

"Nilizaliwa saa ngapi?" Khue aliuliza. "Mama kila nikimuuliza alisema amesahau. Mpaka mpiga ramli aliyetuchagulia siku ya harusi alilazimika kukisia."

"Saa kumi na moja alfajiri. Hakusahau, hakuwepo. Alikuwa ametoka kwenda kutafuta mkunga, akarudi ukiwa umeshatoka. Nilikukata kitovu mwenyewe."

Khue alisugua sahani iliyokwisha kutakata.

"Kwa hiyo kumbe yeye ndiye mama mkubwa," alisema.

"Yeye ndiye mama yako. Sikuja kumnyang'anya."

"Najua hukuja kumnyang'anya. Ungekuja, ungekuja zamani." Sauti yake ilikatika, akangoja irudi. "Ningekusamehe kunigawa. Nina watoto, nafahamu njaa ya miaka ile. Lakini uliweza kusema. Ulikaa jikoni siku nzima ukasema yote, ukamwambia mtu asiyejua hata kuagiza chumvi. Mimi nilikuwa kilomita mbili kutoka hapo, na simu mkononi, nakupigia kila saa kuuliza kama paa limekaa salama."

"Nilikuogopa wewe. Yeye sikumwogopa."

"Ndiyo hivyo," alisema Khue. "Ndiyo hivyo."

Siku nzima hakumwita kitu. Si mama mdogo, si mama, si Bi Thoa. Bi Thoa alikuwa amesikiliza tangu asubuhi, kila sentensi ikianza, kama ataitwa.

Saa tisa Khue alitoa pikipiki ampeleke kituoni. Bi Thoa alipanda nyuma. Hakujua aweke wapi mikono yake, akashika chuma cha kiti. Walipofika, basi la Da Nang lilikuwa tayari linanguruma, kondakta anapiga kelele. Khue alimkabidhi kapu tupu, akaiangalia njia.

"Ukifika, piga simu," alisema. "Na dawa za presha umeze."

Akageuza pikipiki akaondoka. Bi Thoa alisimama mlangoni mwa basi hadi kondakta alipomsukuma ndani.