Chapati Sitini na Kijerumani cha B2

Rahima alikuwa na uchovu ule wa kuamka nao. Saa kumi alfajiri anakanda unga kwao Nyamisangura, saa mbili yuko nyuma ya pikipiki na ndoo ya chapati sitini, saa nne anauza kilimani, kwenye machimbo ya dhahabu, na saa sita, jua likiwa utosini, ndipo anaanza shule. Na shule yenyewe ni gogo, daftari lenye mafuta ya kupikia, na mwalimu anayesinzia.

Mwalimu ni Nashoni. Watu wa Natta wanamjua. Miaka tisa aliwazungusha watalii wa Kijerumani mbugani mpaka akaanza kuota kwa lugha yao. Wageni walipokatika, kazi nayo ikakatika. Dhahabu ilipoonekana kwenye kilima kile, akavua sare ya kambi akaingia duarani, ndani ya shimo la kuchimbia, kama wanaume wengine wote. Rahima, mwanafunzi wake, akamfuata huko huko. Angefanyaje? Hospitali moja ya Ujerumani ilikuwa imemkubali akasomee uuguzi, mradi apeleke cheti cha Kijerumani cha kiwango cha B2 kabla mwezi haujaisha. Mtihani wa kwanza alianguka. Maneno aliyajua, hata majina ya mifupa. Lakini walipomwambia aeleze jambo, alitoa visentensi vifupi vifupi kama mtu anayetema mbegu za chungwa, kisha akanyamaza. Mtihani wa pili ulikuwa Alhamisi, Dar es Salaam. Siku ile ilikuwa Jumanne, na basi lake lingeondoka Tarime kesho yake alfajiri.

"Unganisha," Nashoni alisema, kalala chali, kofia usoni. "B2 hawataki tena 'nilikula, nilishiba'. Wanataka 'ingawa nilikula', wanataka 'laiti ningekula'. Ukishasema *obwohl*, ukasema 'ingawa', kitenzi kinakaa wapi?"

"Mwisho, mwalimu."

"Kwa nini mwisho?"

"Ni kama mtu wa winchi. Wenzake wote wametangulia chini, yeye anabaki juu awavute."

"Haya. Na ukitaka kueleza jambo bila kumtaja aliyelifanya?"

"Natumia kutendwa. Mawe yalipondwa. Chapati zililiwa."

"Zililiwa na nani?" Heche, mchimbaji mmoja, alidakia.

"Na wewe, tano, na bado umekonda."

Kicheko hakikuisha vizuri. Kamba ya winchi ilitikiswa kutoka chini mara tatu, na kilima chote kikanyamaza. Hakuna aliyepiga vigelegele. Vijana wawili waliokota fimbo wakaenda kusimama njiani, na mzee Werema, mkuu wa duara, akaanza kupita na kofia yake akikusanya simu.

Duara lilikuwa limetema, mawe yenye dhahabu yamefikiwa. Na pale sheria ilikuwa moja: duara likitema, aliyepo yupo. Hatoki mtu mpaka mawe yagawanywe, kwa sababu habari ikishuka kilimani saa nane, saa kumi na mbili jioni watu elfu wamefika, na mwenye shimo hana tena shimo. Mgawo ulipangwa Alhamisi.

"Shikamoo mzee Werema," Rahima alisema. "Mimi muuzaji tu. Kesho nasafiri."

"Marahaba. Utasafiri Ijumaa."

"Alhamisi ndiyo mtihani wenyewe, mzee wangu!"

"Mama chapati, ungekuwa bubu ungeshafika Tarime. Lakini wewe? Nani alitangaza mji mzima kwamba Heche kaachwa na mkewe?"

"Ilikuwa kweli!"

"Mimi mwenyewe habari niliipata kwake," Heche alisema kwa huzuni.

Rahima alikaa kwenye gogo. Hakuwa hata na nguvu ya kulia. Miaka miwili ya daftari, halafu mdomo wake mwenyewe ndio umemfungia mlango. Nashoni alimtazama, akajiinua polepole kama mtu anayebeba mgongo wa mwingine.

"Viroba viwili vya mawe vya mgawo wangu," alimwambia Werema. "Maneno yakitoka kabla ya mgawo, vigawaneni. Mwacheni aende."

"Mura, kijana, una wazimu? Miezi minne umeishi shimoni."

"Mwacheni aende."

Werema alimrudishia Rahima simu yake.

Nyumbani, jioni, kulikuwa na pilau ya kumuaga, na viatu vya wageni vilijaa mpaka barabarani. Mashangazi walikuwepo, majirani walikuwepo, na wifi yake Samira alikaa katikati, pale maneno yote yanapopita. Siku nyingine Rahima angefurahi mpaka jasho limtoke. Siku hiyo alitamani ukuta wa kuegemea tu.

"Wifi," Samira alianza, amefunua ndoo, "chapati arobaini zimerudi? Na umerudi mapema? Kuna nini kilimani?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu, na jicho linakucheza hivyo?"

Nyumba nzima ikatulia kumsikiliza. Neno lilikuwa limemjaa mdomoni kama ugali wa moto. Alifumbua mdomo, akaviona akilini vile viroba viwili vya Nashoni, akaufumba. Akaufumbua tena.

"Nafanya mazoezi ya mtihani," alisema, kisha akayamwaga yote kwa Kijerumani.

Ingawa jua lilikuwa kali, kamba ilitikiswa. Simu zilikusanywa, njia ilifungwa; nani alizikusanya, nani aliifunga, hakutaja hata mmoja. Laiti angekuwa bubu, wangemwacha aende. Yule mtu ambaye viroba vyake viwili viliwekwa rehani alikuwa mwalimu ambaye mgongo ulimuuma. Sentensi zilirefuka, zikashuka chini kabisa, na kila mara kitenzi kilisimama juu kikazivuta zikatoka salama. Robo saa nzima, bila kukwama. Alikuwa amechoka mno hata akasahau kuogopa.

Alipomaliza, mashangazi walipiga makofi. Samira hakupiga.

"Sijaelewa hata neno," alisema. "Lakini huo ni umbea. Umbea naujua nikiusikia."

"Kula, mwanangu," mama yake alisema, akimsogezea sahani. Rahima alisinzia na kijiko mkononi.

Alhamisi, Dar es Salaam, walimpa mada ya kazi za hatari. Akaongea. Mtahini alimwambia asante, inatosha. Akaunganisha sentensi nyingine mbili. Akaambiwa tena, safari hii kwa tabasamu, asante, inatosha.

Jioni, nje kwenye ngazi, simu ililia, ujumbe wa Nashoni ukaingia. *Tumegawana. Hakuna aliyejua. Viroba ninavyo.*

Akampigia Samira, aliyepokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Sema, wifi! Sema!"

Rahima akafungua mdomo, akapiga mwayo mrefu.

"Kesho, wifi yangu," alisema. "Leo nimeshasema sana."