Gome la Baba Mkwe

Asifiwe alikuwa na miaka arobaini na sita alipoanza masomo ya jioni ya shahada ya uzamili, kemia ya dawa, na hakuwahi kuingia darasani bila kusali. Utafiti wake wote ulisimama juu ya gome moja: lile ambalo baba mkwe wake, mzee Hezroni wa Talatala, Kyela, aliwachemshia wagonjwa wa malaria.

Mti wenyewe hakuwahi kuuona. Kwa Wanyakyusa mke wa mwana hamkaribii baba mkwe. Akimwona njiani hujificha migombani. Kwa hiyo gome lililetwa na mumewe, Nelson, ndani ya mfuko wa salfeti. Asifiwe alilisaga, akalichuja, akapata unga mweupe uliowaua vijidudu vya malaria maabarani. Kipimo kilipoonyesha kwamba molekuli yake ina klorini, jambo ambalo ni nadra mno kwa mti, alipiga magoti sakafuni akamshukuru Mungu.

Siku ya kutetea utafiti, mtahini Dakta Fortunatus aliitazama karatasi ya kipimo, akacheka.

"Hongera, mama. Umegundua klorokwini."

"Ile dawa ya kiwandani iliyokuwa ikituwasha utotoni!" akadakia mwenzake, Dakta Odilia. "Kumbe huko Kyela inaota? Inazaa vidonge au sindano?"

"Labda mti nao unaitengeneza," Asifiwe alisema kwa sauti ndogo.

"Hakuna mti wa hivyo. Mtu kasaga vidonge, kapaka gome. Majani yake yakoje?"

"Sikuuona mti. Ni wa mkwe wangu. Mila zetu..."

"Miaka mitatu, hukuuona! Basi ungesomea mila." Fortunatus alifunga faili. "Wiki mbili. Uende mwenyewe, ukate mwenyewe gome, majani na maua. Ukishindwa, tunakufuta."

Nyumbani alimkuta Nelson akila wali.

"Gome ulilitoa wapi?"

"Kasumulu, sokoni. Talatala ni mbali, na wewe ulikuwa na haraka."

"Uliniambia ni la baba!"

"Sasa ungejuaje? Wewe na mzee hamsemezani." Akacheka, akasogeza bakuli. "Niongezee mboga."

Asifiwe alifunga siku tatu akiomba. Ya nne alikwenda Talatala, akamkuta mzee ameketi mbele ya nyumba. Hakujificha. Alipiga magoti mbele yake mchana kweupe, akamwamkia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, tata. Nimekuja kuomba unionyeshe mti wako wa malaria."

Mzee aligeuza uso haraka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Mke wa Nelson? Unanitazama?"

"Nisamehe, tata. Chuo kitanifuta."

"Nelson hajawahi kuniomba hata kipande. Angeomba ningempa gome, majani, maua, na mti ningemwonyesha." Alizungumza akiutazama ukuta. "Wewe sikupi. Miaka ishirini umeniheshimu, leo umenivua nguo kwa ajili ya karatasi. Ondoka. Hata kunizika usije."

Akaingia ndani, akabana mlango.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kijimsitu. Asifiwe alikwenda akasimama katikati yake, mkononi kisu na bahasha za sampuli. Miti ilikuwa zaidi ya arobaini, ya kila aina, na karibu yote ilikuwa na makovu ya panga. Alifumba macho aombe aonyeshwe ule wa malaria. Alipoyafumbua, miti ilikuwa ileile.