Jina la Mzee Gachoka

Filamu ilipokwisha, Andrew alisimama mbele ya runinga, Biblia kwapani, akatuuliza tumejifunza nini. Tulikuwa Wakenya wa ushirika wa Jumapili, tumebanana sebuleni kwa mchumba wake Caren, kule Jumeirah Village Circle, mtaa mmoja wa huku Uarabuni. Filamu yenyewe ilihusu familia ya Kimeksiko: binti wa shule anapata mimba, baba yake anamtupia virago nje, na kijana aliyempa mimba anaapa kuwa hamjui.

"Wasichana wa hivi ndio huharibia vijana future," Andrew akasema. "Mnaniskia?"

Nilimsikia vizuri sana. Maneno hayo hayo aliyasema kule kwetu Nyahururu mbele ya baba yangu, mimi nimesimama pale na yunifomu iliyonibana tumbo. Alinikana kwa macho makavu. Siku hizi anavaa suti na kuitwa Brother. Nilipojiunga na ushirika huu alinipa mkono kama mgeni, akaniuliza eti natoka kaunti gani. Nilimchukia.

Kwetu Wagikuyu, mvulana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba. Msichana aliyezalia nyumbani hutoa jina la upande wake na kunyamaza. Mama alinisihi nifanye hivyo, nikakataa. Nilimpa mwanangu jina zima la babu yake, baba mzazi wa Andrew, la ubatizo na la ukoo, nikaanza kuingoja siku yangu.

"Mimi nimejifunza kitu," nikasema. "Lakini kwanza mnisalimie kijana wangu. Yuko nyumbani kwa shosho yake, mama yangu."

Nikapiga simu ya video, nikampa Caren. Sikuwa na ugomvi naye, ila huruma nilikuwa nimeiacha mlangoni pamoja na viatu.

"Wow, Terry, kumbe uko na kijana mkubwa hivi! Unaitwa nani, sweetie?"

"Samson Gachoka, aunty."

Kicheko kikamkauka Caren mdomoni. Akamgeukia Andrew. "Hilo si ni jina la baba yako? Mum yako aliniambia hilo ni la firstborn wetu."

Andrew akaihamishia Biblia kwapa la pili. Jasho lilimtoka na kiyoyozi kinavuma. Watu wote walimkodolea macho. Nilifurahi, na kwa furaha hiyo sitamwomba mtu msamaha.

"Mum," mtoto akaita kutoka kwenye simu, "huyo mnaongea juu yake ni nani?"

"Muulize mwenyewe."

Nikaichukua simu kwa Caren, nikamgeuzia Andrew usoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu: akane tena, alie, akimbie. Lakini mwanangu alimtazama yule mwanaume, akakaa wima, akajipangusa midomo kwa mkono wa sweta, kisha akamtabasamia. Mimi hajawahi kunitabasamia vile.