Karibu Kibandani

Wanaosema Zamzam ana mdomo hawajanikuta nikikasirika. Siku ya mkutano wa nyumba kumi, mtaa wetu wote hapa Kariakoo ulinisikia, na sijutii hata neno moja.

Chanzo ni bustani ya kona. Pale zamani palikuwa jalala, vifuu vya nazi na paka waliokufa. Halmashauri ya Jiji ilipovunjwa tukaona tukingoja wakubwa tutaoza na taka zetu, tukasafisha wenyewe. Bakili, mtu wa Masasi aliyepanga chumba changu cha uani, akapanda asmini, mlangilangi na nyasi, akagonga na mabenchi mawili ya mbao za masanduku. Asubuhi nafungua dirisha, harufu hiyoo inaingia. Asmini nachuma natunga vikuba vya kuvaa kifuani, nauza kwenye harusi. Nilikuwa nimeridhika na maisha yangu, nasema kweli.

Mwaka wa kwanza tulichanga ovyo. Anayetaka anatoa, asiyetaka akisikia hodi anajifungia chooni. Kwa hiyo mwaka wa sabini na sita balozi wetu, Mzee Zahoro, akaleta utaratibu: kila mwaka nyumba zikaguliwe, na kila mwenye nyumba atoe kulingana na alichonacho. Jumba shilingi mia tatu, nyumba mia na hamsini, kibanda ishirini. Fedha hiyo imlipe Bakili mshahara, inunue na mbolea.

Nasi tulijua mshahara ule maana yake nini. Mwaka huo ukikutwa mjini huna kazi unapakiwa lori, unakwenda kulima usikokujua. Bakili alihitaji barua ya balozi kwamba ameajiriwa. Bila mshahara hakuna barua, na bila barua ni lori.

Mkaguzi alikuwa Polycarp, karani tuliyemwazima kutoka tawi la chama, ana miezi miwili tu tangu atoke Sumbawanga. Akapiga hodi kwangu na daftari lake kwapani.

"Karibu, mwanangu," nikamwambia. "Karibu kibandani kwangu."

Nikampa chai na vitumbua. Nyumba yangu ina vyumba sita, sakafu ya saruji, mlango wa nakshi aliouleta marehemu mume wangu kutoka Bagamoyo. Lakini mgeni utamwambia karibu kwenye jumba langu? Umelelewa na nani? Polycarp akaandika, akala kitumbua cha tatu, akaaga kwa adabu.

Jumapili tukakutana palepale bustanini. Polycarp akasimama, akasoma.

"Namba moja, Bibi Hyasinta. Kibanda. Namba mbili, Ndugu Ravindra. Kibanda."

Watu wakatazamana. Ravindra ana ghorofa, chini duka la vitambaa, juu wanakaa yeye na watoto na wajukuu. Polycarp akaendelea vilevile mpaka namba kumi. Mtaa mzima, vibanda vitupu.

"Ndugu Karani," Mzee Zahoro akauliza taratibu, "ghorofa lile ni kibanda?"

"Mwenyewe alinikaribisha hivyo, Mzee. Wote walisema hivyo hivyo. Mimi ni nani nimbishie mtu nyumba yake?"

Nilitaka kucheka. Na nisiwafiche, kwanza nilipiga hesabu ya shilingi ishirini, nikaona nimepona. Hyasinta naye alikuwa anatazama viatu vyake, nikajua anapiga hesabu ileile.

"Basi jumla ni mia mbili kwa mwaka," akasema Mzee Zahoro. "Kwa mia mbili, Bakili, siwezi kukuandikia barua. Nisamehe."

Bakili alikuwa nyuma, kashika debe la maji. Akainama akamalizia kumwagilia asmini zangu, shina moja moja, kama vile kesho atakuwepo. Hapo aibu ikanishika hadi masikio yakawaka, na mimi aibu yangu hutoka kwa mdomo.

"Polycarp, hebu futa hiyo. Vyumba sita, saruji, mlango wa Bagamoyo, unaniita kibanda mbele za watu? Andika jumba."

"Bibi, jumba ni mia tatu."

"Nilikuuliza bei? Andika."

Akaandika. Hyasinta akainuka kanga ikimponyoka. "Kama la Zamzam ni jumba, la kwangu lenye umeme mpaka jikoni liitweje? Andika jumba, na uliandike juu ya lake."

Miaka kumi na mbili tunashindana, mimi na Hyasinta, sijawahi kumpenda kama siku ile. Wakafuata wengine, kila mmoja hataki kubaki chini ya jirani. Ravindra peke yake alisita. Tangu majumba ya watu yachukuliwe na serikali, neno lenyewe lilikuwa linamtoa jasho.

"Mimi niandike nyumba tu, tafadhali," akasema. "Lakini nalipa ya jumba."

Tukacheka mpaka Mzee Zahoro akafuta machozi. Barua ikaandikwa jioni ileile, Bakili akaikunja akaitia mfuko wa shati.

Baada ya mwezi alijenga banda la mabati pale kwenye kona, la kuwekea majembe, na kitanda cha kamba pembeni. Akahamia, chumba changu akaniachia nipangishe. Siku ya kwanza nikapita kumwona.

"Karibu jumbani, Bi Zamzam," akasema, na uso mkavu kabisa.

Nikaketi juu ya debe, nacheka. Akatoa noti ya shilingi ishirini.

"Mpelekee Mzee Zahoro. Na mimi niandikwe."

"Wewe ndiye unayelipwa, Bakili. Unatoa za nini?"

"Wenye nyumba mtaa huu wanatoa," akasema.

Nikaipokea noti, nikaipeleka. Mzee Zahoro akabisha kwamba hizi ni nyumba kumi, kumi na moja hazimo katika utaratibu. Nikachukua kalamu nikaandika mwenyewe, chini kabisa: namba kumi na moja, Bakili, kibanda. Kibanda pekee katika orodha yetu, na kimelipiwa.